Mgomo baridi wa madereva wa vifurushi: hatari yake ni ipi, na utautambuaje kabla ya kuandika barua za onyo?

MkuuWaZamu

Habari za humu wadau. Naomba mgomo baridi, yaani madereva kujivuta kazini makusudi bila kutangaza mgomo, tuujadili kwa namba, tuweke hasira pembeni.

Chukueni kituo cha usambazaji chenye magari 8. Kila gari lilikuwa linamaliza vituo 120 (yaani milango ya wateja) kwa zamu ya masaa 9, kifurushi kimoja kila kituo. Vinavyoingia ghalani ni kama 900 kwa siku. Posho ya muda wa ziada inafutwa, na haipiti wiki kila gari linarudi limefanya vituo 102, siku nyingine 103. Hakuna aliyegoma wala aliyefoka. Wote wanaripoti kwa wakati na sare zimenyooka. Ukiuliza, jibu ni moja: "foleni".

Pungufu ni 15% tu, na wapo wanaosema likiachwa litapoa lenyewe. Wengine wanataka barua za onyo zitoke kesho asubuhi. Je, hatari yenyewe iko wapi hasa, kwa kampuni na kwa madereva? Na mtu atatofautishaje mgomo baridi na foleni ya kweli?

---

Hesabu_za_Ruti

Mkuu, hiyo 15% isikudanganye. Anza na kiporo, yaani mzigo unaolala ghalani bila kutoka.

Magari 8 mara 120 ni 960. Vinaingia 900, kwa hiyo ulikuwa na nafasi ya ziada ya vifurushi 60 kwa siku, na hiyo ndiyo iliyokuwa inameza siku mbovu: gari likiharibika, mvua ikinyesha, mtu akiugua. Sasa 8 mara 102 ni 816. Kila siku vinalala 84. Kwa wiki ya siku sita za kazi unakuwa na 504 sakafuni.

Halafu madereva wakirudia mwendo wao wa zamani siku ya saba, una nafasi ileile ya 60 kwa siku. 504 gawanya kwa 60 ni siku 8 na kitu. Yaani wiki moja ya kujivuta inalipwa kwa karibu wiki moja na nusu ya kazi, na hapo hujahesabu vitu viwili vinavyoongeza mzigo huo. Cha kwanza, mteja aliyesubiri siku nne hayupo tena nyumbani siku unayofika, kwa hiyo kifurushi chake kinakula safari mbili. Cha pili, sakafu ikijaa, kupanga mzigo wa asubuhi kunachukua muda mrefu: cha leo kimefunikwa na cha juzi, mtu anahamisha boksi kumi kupata moja. Magari yanachelewa kutoka, na dereva asiye na kinyongo chochote naye anarudi na pungufu.

Kosa linalofanyika sana hapa ni kusema "cha zamani kitoke kwanza" kwa mzigo wote. Ukifanya hivyo, kila kifurushi kinachoingia kinachelewa siku zilezile, na wateja wote wanakasirika badala ya baadhi. Tenga kiporo. Mzigo wa leo uende na ruti za leo, kiporo kipewe gari lake na orodha yake, hata kama ni gari moja tu, na wenye kiporo wapigiwe simu kabla.

---

Skana&Betri

Kabla hamjamwita mtu mgomaji, angalieni vifaa. Programu ya skana ikiongezewa hatua moja, tuseme sasa inadai picha ya mlango juu ya saini, hizo ni sekunde 20. Mara vituo 120 ni dakika 40. Betri iliyochoka inayozima skana mara tatu kwa siku, na kuiwasha tena ni dakika 4 kila mara, ni dakika 12 nyingine. Tarehe ya mabadiliko ya programu iwekwe kwenye jedwali moja na tarehe ya kufutwa posho, vinginevyo mtalaumu kisicho na hatia.

Na mpangilio wa ndani ya gari je? Kama kifurushi cha kituo cha kwanza kimepakiwa kwanza, kiko nyuma ya vyote. Dereva anayetafuta kwa dakika moja kila kituo anapoteza masaa mawili kwa siku, na kwenye kompyuta anaonekana mtu wa kutegea kazi.

---

Utingo_Mstaafu

Nimechukua namba za mleta mada nikazipiga tofauti, na jibu linaweza kuwashangaza.

Zamu ni masaa 9, yaani dakika 540. Toa kupakia dakika 40. Toa kwenda kituo cha kwanza na kurudi kutoka cha mwisho, 50. Toa kukabidhi marejesho na nyaraka, 15. Toa ukaguzi wa gari asubuhi, 10: matairi, taa, breki, vioo, maji na oili. Toa mapumziko 45. Zimebaki dakika 380. Ukigawa kwa vituo 120, kila kituo kinapata dakika 3 na sekunde 10, na humo ndani kuna kuendesha kutoka mlango uliopita, kutafuta pa kuegesha, kutoa kifurushi, kubisha hodi, kusainisha na kurudi kwenye usukani.

Sasa chukulia kwamba zamani hawakuwa wanapumzika, walikuwa wanakula huku wanaendesha, na ukaguzi wa gari ulikuwa alama ya vema kwenye karatasi tu. Dakika zinakuwa 435, na kila kituo kinapata kama dakika 3 na sekunde 37. Mwendo huohuo, bila kubadili hatua hata moja ya mguu, ukirudisha mapumziko na ukaguzi, gari linafanya vituo 104 au 105.

Kutoka 120 hadi 102 ni vituo 18. Katika hivyo, 15 vinaelezwa na watu kuanza kufanya kile ambacho kanuni za kampuni yenyewe zinawataka wafanye. Vitatu vilivyobaki ndivyo unaweza kuviita kujivuta, na hata hivyo foleni inaweza kuvidai.

Mgomo baridi wa makusudi ni mtu kuvuta miguu katika kazi anayoweza kuifanya haraka. Kufuata kanuni neno kwa neno ni kitu kingine. Mpango wa vituo 120 ulikuwa umejengwa juu ya mapumziko ya watu, na posho ilikuwa bei yake. Posho imetoka, mapumziko yamerudi. Ukimwandikia mtu barua ya onyo kwa kupumzika dakika 45, ile barua ndiyo itakayosomwa siku ya shauri, na haitasomwa kwa faida yako.

Kwa Umoja wa Ulaya, kwa mfano, dereva wa lori kubwa anayebanwa na kanuni ya 561 ya 2006 lazima apumzike dakika 45 baada ya kuendesha masaa manne na nusu. Magari madogo ya vifurushi mara nyingi hayaguswi na kanuni hiyo, ila mwili wa dereva ni uleule.

---

Kumbukumbu_GPS

Hesabu ya @Utingo_Mstaafu ni nzuri lakini ni ya karatasini. Ili ujue ukweli, vunja siku ya gari katika vipande: kupakia, kutoka getini hadi kituo cha kwanza, mwendo kati ya vituo, muda wa kusimama kituoni, mapumziko, kurudi. Chukua angalau wiki tatu kabla ya mabadiliko na zote zilizofuata.

Usitumie wastani wa kawaida kwa muda wa kusimama. Kituo kimoja cha dakika 40 kwenye jengo lisilo na lifti kinaharibu hesabu ya siku nzima. Panga namba kuanzia ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati.

Foleni inaonekana kwenye mwendo kati ya vituo, na inawabana wote wanaopita barabara ile kwa saa ileile. Kujivuta kunaonekana pale dereva anapojiamulia mwenyewe: kusimama kituoni, na lile pengo kati ya kumaliza kupakia na kutoka getini. Kipande kilichokua kikiwa mapumziko peke yake, kutoka sifuri hadi 45, basi mjadala umekwisha na aliyesema hapo juu yuko sahihi. Mpime pia dereva huyohuyo kwenye ruti nyingine, na ruti ileile kwa dereva wa akiba. Ruti ikipungua kwa kila anayeiendesha, tatizo ni ruti. Na akipungua dereva mmoja tu, usikimbilie kinyongo: klachi inayoteleza, mgongo unaouma, au ana mgonjwa nyumbani. Kinyongo cha pamoja kina alama yake, wote wanashuka kwa kiasi kinachofanana kuanzia tarehe moja.

Alama mbaya zaidi kuliko mwendo ni "mteja hakupatikana" za uongo. Hizo zitafute hivi: skana imepigwa zaidi ya mita 100 kutoka kwenye anwani, gari limesimama chini ya nusu dakika, na hakuna simu iliyopigwa. Vyote vitatu kwa pamoja, kimoja hakitoshi. GPS kati ya maghorofa inaweza kuyumba makumi ya mita. Na angalia saa iliyoandikwa ni ya wapi: programu nyingine zikikosa mtandao huhifadhi tukio kisha huandika saa lilipofika kwenye seva, si lilipotokea. Utaona vituo kumi na mbili vimeskaniwa dakika moja, kilomita tano kutoka kwa wateja, ukamshika mtu mwongo kumbe alikuwa bondeni hakuna mtandao.

---

MkuuWaZamu

Nashukuru sana. Hiyo ya dakika 45 sikuitegemea. Lakini tuseme vipande vinaonyesha kuwa wapo madereva wawili watatu wanaojivuta kweli, tena na "hakupatikana" za uongo zimo. Hapo hatari kwa usalama ni ipi? Na kukata mshahara kunafaa?

---

Breki_Kwanza

Kwa usalama, watu hudhani anayejivuta yuko salama kwa kuwa hana haraka. Angalieni saa za jioni. Aliyekula muda asubuhi anajikuta saa 10 jioni na vituo 40, na kama kurudi na mzigo kunamletea maswali, anakimbizana navyo. Kutoka kilomita 50 kwa saa kwenda 70, umbali wa kufunga breki unakaribia kuwa mara mbili, kwa sababu unakua kwa mraba wa mwendo: 70 gawanya kwa 50, zidisha kwa yenyewe, unapata 1.96. Hapo hujahesabu mita anazosafiri kabla mguu haujagusa breki. Kwa sekunde moja na nusu ya kushtuka ni kama mita 21 kwa mwendo wa 50, na 29 kwa mwendo wa 70. Ongeza giza, uchovu, na mtoto anayevuka barabara kwenda kuangalia gari la vifurushi.

Hatari ya pili inaletwa na ofisi yenyewe. Ikiona pungufu, inawaongezea vituo wale wasiojivuta. Dereva mzuri aliyekuwa na 120 anapewa 135, na mwezi haupiti kabla hajajifunza kwamba kujituma ni adhabu. Au wanaletwa vibarua wasioijua ruti, wanagawa kwa mlango usio wenyewe, na unalipia vifurushi vilivyopotea.

Kama mna mzigo wa baridi, huo ni moto kabisa. Chanjo nyingi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, vilivyogandishwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Sanduku lenye pakiti za barafu lililopimwa kustahimili masaa 8 halijui kama ruti imekuwa ya masaa 9 na nusu. Vituo vya mwisho vinapokea kitu kilichoharibika ambacho kwa macho ni kizima. Mizigo hiyo itolewe mwanzoni mwa ruti, na kipimajoto chenye kumbukumbu kiwe ndani ya sanduku, kisibandikwe ukutani mwa gari.

---

Kanuni_na_Haki

Kuhusu mshahara, tulia kwanza. Kukata kwa makadirio ("umefanya 85%, nakulipa 85%") ni njia ya haraka ya kugeuza mgomo baridi kuwa kesi, kwa kuwa katika nchi nyingi makato yanahitaji msingi katika sheria au mkataba. Soma vyote viwili kabla ya kugusa senti.

Na madereva wanaosoma hapa nao wajue kinga yao ni nyembamba kuliko wanavyodhani. Marekani, sheria ya mahusiano ya kazi ya 1935 inalinda mgomo, lakini kujivuta ukiwa kazini huku unapokea mshahara hakulindwi, na mtu anaweza kufukuzwa. India, sheria ya migogoro ya viwanda ya 1947 kama ilivyorekebishwa iliitaja kazi ya kujivuta makusudi kuwa mwenendo usio wa haki kwa upande wa wafanyakazi. Upande wa pili, kamati ya uhuru wa kujumuika ya Shirika la Kazi Duniani inaona kwamba kuzuia aina hizi za migomo, ikiwemo ya kujivuta na ya kufuata kanuni, kunahalalika tu pale mgomo unapoacha kuwa wa amani. Kwa hiyo jibu linategemea uko nchi gani, na anayekwambia "hawawezi kukufanya kitu" hajakusaidia.

"Hakupatikana" ya uongo haihusiani na haki ya kugoma popote. Hiyo ni kughushi kumbukumbu, na inashughulikiwa kwa nidhamu ya kawaida, mtu mmoja mmoja, kwa ushahidi wa tukio moja moja: tarehe, saa, anwani, umbali, kumbukumbu ya simu. Apewe nakala mapema, aje na mwakilishi wa chama au mwenzake, ajieleze, ndipo uamuzi utoke. Barua moja ya jumla kwa madereva 8 inawaunganisha hata ambao hawakuwa pamoja.

Kwa wapenda historia: inasimuliwa kwamba makuli wa bandari ya Glasgow, waliposhindwa mgomo wao wa 1889, waliambiwa na chama chao warudi kazini na wafanye kazi kama wale watu wa mashambani waliokuwa wameletwa kuziba nafasi zao, kwa kuwa waajiri walikuwa wamewasifia sana. Walibeba vilevile, kwa ulegevu uleule. Nyongeza waliyonyimwa walipogoma waliipata kwa njia hiyo.

---

Utingo_Mstaafu

Nyongeza fupi kabla mtu hajaja na dawa ya "tuwalipe kwa kituo". Ukilipa kwa kituo, mwendo utapanda wiki hiyohiyo, na vifurushi vitaanza kurushwa juu ya geti, saini zitaandikwa na dereva mwenyewe, na mapumziko yatapotea tena. Kama ni lazima iwepo motisha, iwe ya kikosi kizima, ikokotolewe kwa vifurushi vilivyofika mara ya kwanza bila malalamiko, na isianze kuhesabiwa hadi dakika 45 za mapumziko zionekane kwenye kumbukumbu.

Na kile kikao: msiende na swali "kwa nini mnajivuta". Nendeni na karatasi ya dakika 540, kalamu, na madereva wawili wanaozijua ruti mbovu. Waache wao waandike namba. Hapo ndipo utasikia kwamba geti la ghala hufunguliwa dakika 20 baada ya zamu kuanza, kitu ambacho hakuna ripoti itakayokuonyesha.

---

MkuuWaZamu

Kwa hiyo mpango wa haki ni kama vituo 105 kwa gari. 8 mara 105 ni 840, na vifurushi vinaingia 900. Hata wote wakichangamka, hayatoshi?

---

Hesabu_za_Ruti

Hayatoshi, na hayakuwahi kutosha. Gari la tisa linakupa 945, nafasi ya 45 kwa siku. Ila kwa nafasi hiyo kiporo cha 504 kitachukua siku 11 na zaidi. Kodi na la kumi kwa muda: 1,050 kwa siku, nafasi 150, kiporo kinaisha siku ya nne. Weka siku sita, kwa ajili ya waliokosekana safari ya kwanza, kisha rudisha la kumi.

Ruti ya gari la tisa usiikate kwa kunyofoa vituo 10 au 15 kutoka kila gari, maana utapata dereva anayezunguka mji mzima kwa kona. Chukua ruti mbili zenye mwendo mrefu kati ya vituo, zigawe upya ziwe tatu, halafu sogeza mipaka ya ruti jirani hadi zote zikaribie 100. Wiki mbili za kwanza dereva wa ruti mpya apangiwe 85. Hajazijua bado ngazi, mbwa wala walinzi.